Vifungu Tisa vya Mzee wa Track Nne

Jumatatu, 2 Februari

Nimeamua. Jumapili ya tarehe kumi na tano, siku ya kufungua kanisa letu jipya hapa Huruma, gitaa la solo litapigwa na mimi. Si Marvin, anayelipiga siku zote. Mimi, Nasambu Kituyi, miaka kumi na minane, niliyemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja na sina kazi ila kungoja chuo na kuosha sufuria.

Tatizo ni moja tu. Ili upewe solo lazima umwombe Mwalimu Ondiek, kiongozi wa bendi, yule anayepiga kinanda. Na mimi siwezi hata kumsalimu Mwalimu Ondiek. Akinitazama, sauti yangu inashuka tumboni na kukaa huko mpaka aondoke. Kwa hiyo nitaipata solo bila kuomba. Nitatumia akili.

Silaha ninayo. Desemba Baba alimpelekea Wabuge, fundi redio, memori kadi amjazie nyimbo za injili. Wabuge akachanganya. Akaweka nyimbo sita za gitaa zisizo na maneno wala majina: Track 1 mpaka Track 6. Baba alisikiliza dakika moja, akasema hawa watu bado hawajakubaliana wanapiga wimbo gani, akanipa kadi. Nilimtuma Linah, mdogo wangu, amuulize Wabuge ni nini hicho. Jibu: ni jazi ya Wamarekani weusi ya zamani sana, inaitwa hard bop, na mpiga gitaa hamjui.

Mimi namjua. Ni Mzee wa Track Nne.

Marvin hupiga noti kama mtu anayemwaga mchele. Mzee anaongea! Anaingia kidogo baada ya wenzake, kama mtu aliyechelewa mkutano lakini ana habari kubwa. Anauliza, anajijibu, anacheka kidogo, anakata. Solo yake ni dakika moja na nusu. Nimeigawa vifungu tisa. Vinne nimeshavimeza.

Njia yangu: punguza mwendo wa simu uwe nusu. Imba kifungu mpaka kikutoke bila kufikiri. Ndipo uguse gitaa. Leo nimeimba Kifungu cha Tano nikisugua sufuria ya ugali. Linah akauliza kama jino limeanza tena.


Jumanne, 3 Februari

Mpango wa Kwanza: Dirisha.

Mama Hulda ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani. Akimsifu mtu, Mwalimu Ondiek husikiza. Na Mama Hulda hupita chini ya dirisha letu saa kumi akitoka kusaga unga. Nilifungua dirisha. Nikashika gitaa la mjomba (uzi wa sita ni waya wa breki ya baiskeli, lakini unaimba). Nikamwona anakata kona na debe kichwani. Nikaachilia Kifungu cha Kwanza hadi cha Nne, bila kupumzika, bila kukosea!

Akasimama. Moyo wangu nao ukasimama. Akaita kwa sauti kwamba nani huyo amefungua redio hivyo, jamani, si mpunguze, mama wa chumba cha pili anaumwa kichwa.

Nilipunguza.

Nimekaa nikiwaza jambo hili jioni yote. Mama Hulda ana sikio kali kuliko mtu yeyote Huruma. Na amenidhani redio. REDIO! Marvin hajawahi kudhaniwa redio. Ushindi, ingawa hakuna anayejua.


Alhamisi, 5 Februari

Kifungu cha Sita kinaniua. Mzee anapanda noti nne haraka, kisha anateleza kurudi kwa njia nyingine, kama paka anayeshuka mtini kinyumenyume. Nimekikosa mara arobaini. Mara ya arobaini na moja kikakubali. Nikapiga kelele. Nyanya ikaungua. Baba amekula akiitazama sahani kwa huzuni.

Mpango wa Pili: Barua. Nimeiandika kwa mwandiko uliolala kushoto, nikaisukuma chini ya mlango wa Mwalimu Ondiek nikakimbia. Inasema hivi: “Mpendwa Mwalimu, katika mtaa huu yuko mpiga gitaa kijana, mnyenyekevu, ambaye Mungu amempa vidole vya ajabu. Usimsahau siku ya kufungua kanisa. Ni mimi, Mwenye Masikio.”

Sikutaja jina. Kujitaja ni majivuno. Mwalimu ni mtu wa kusoma, ataelewa.


Jumamosi, 7 Februari

Mazoezi. Mimi huimba safu ya tatu ya kwaya, nyuma ya mama mmoja mpana, mahali pazuri sana. Mwalimu Ondiek aliinua barua yangu juu. Akasema kuna mkristo mwema ameandika, na imemgusa. Akaisoma yote. Kisha akamgeukia Marvin.

Akamgeukia MARVIN. Akasema, kijana, umeona? Watu wanakuombea.

Watu wakapiga makofi. Marvin akasimama, akainama kama waziri, akasema asante Mwenye Masikio popote ulipo, ubarikiwe. Kisha akapiga ule mchele wake tangu mwanzo hadi mwisho, safari hii kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu nimemtia moyo.

Mnyenyekevu! Marvin! Mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba!

Nimerudi nyumbani nikajifungia na Kifungu cha Saba. Kimekubali siku hiyohiyo. Hasira ni mwalimu mzuri.


Jumatatu, 9 Februari

Leo nimekutana na Kifungu cha Nane. Sijui niandike nini.

Mzee anashika noti tatu. Tatu tu. Anazirudia. Anazirudia tena. Mara saba! Zinakatika katikati, hazikai kwenye mdundo, zinakwaruzana na ngoma, unadhani atateleza aanguke, halafu, baada ya mara ya saba, anatoka upande wa pili kama hakuna kilichotokea. Ni ushujaa gani huu? Nani angethubutu?

Linah alisikiliza akasema simu imekwama.

Nilimwambia kwa upole kwamba hiyo inaitwa sanaa, na akikua ataelewa. Akasema yeye anaelewa simu, na hiyo imekwama. Nimemfukuza chumbani. Ni chumba chetu sote wawili, lakini alikwenda.

Kuhesabu ndiyo kazi. Ukifika ya sita unataka kutoka. Usitoke! Nimekizoea kwa kukata sukuma. Mboga imekatwa ndogo sana leo.


Jumatano, 11 Februari

Mpango wa Tatu ulikuwa kamili. Nauandika ili vizazi vijavyo vijifunze.

Lengo: Marvin akose mazoezi ya leo. Mwalimu akikosa mtu wa solo ataangaza macho, ataniona nina gitaa, atanipa. Hakuna kuomba. Kwa hiyo mchana, Baba akioga, nilichukua simu yake. Baba ni mzee wa kanisa, neno lake halihojiwi. Nikamwandikia Marvin: “Ndugu Marvin, mazoezi ya leo yamehamishiwa kanisa la Kapsoya, saa kumi kamili. Mzee Kituyi.” Nikatuma, nikafuta. Safi.

Saa kumi nilifika kanisani na gitaa ndani ya gunia. Hakuna mtu. Saa kumi na robo, hakuna mtu. Saa kumi na nusu nikafungua kikundi cha WhatsApp.

Marvin, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa amekuwa mtu wa kuwajibika. Aliutuma ujumbe wangu kwa kila mtu. Akaongeza: “Tusichelewe wapendwa.” Bendi nzima iko Kapsoya, upande wa pili wa mji! Mama Hulda amepanda boda boda na viatu vipya! Mwalimu Ondiek amebeba kinanda mgongoni!

Nilikaa chini. Nikawaza kuhamia Kiplombe nikafuge kuku kwa shangazi, nibadilishe jina.

Halafu nikaona spika. Ile kubwa. Imewashwa tayari. Na gitaa la umeme la kanisa limelazwa kwenye kiti, maana Marvin alikwenda na lake.

Sitasema uongo katika daftari langu. Niliunganisha. Nikapiga vifungu vyote, cha kwanza mpaka cha tisa, peke yangu, mbele ya viti mia mbili vya plastiki. Sauti ilizunguka ukutani ikanirudia. Kwa dakika moja na nusu kulikuwa hakuna Marvin duniani. Nilipiga Kifungu cha Nane macho yamefungwa, mara saba, nikatoka salama.

Nikafungua macho.

Kisha sauti kutoka mbinguni: “We dada! Rudia hiyo ya kukwamakwama!”

Ni mafundi wa mabati. Watatu. Walikuwa juu ya paa muda wote, misumari mdomoni, na hakuna aliyegonga nyundo tangu nianze. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi akichungulia kupitia tundu ambalo bado hawajaziba. Nilichukua gunia nikakimbia. Nimeacha kiatu kimoja. Lakini wasikilizaji watatu! Wa kwanza maishani!


Alhamisi, 12 Februari

Mambo yameharibika kiasi. Mama Hulda alimpigia Baba simu, akamwambia, Mzee, heshima ninayo, lakini umenipeleka Kapsoya kutazama mlango uliofungwa. Baba akasema yeye alikuwa anaoga. Mama Hulda akasema hata kama.

Sasa Baba lazima aombe radhi mbele ya wazee wenzake Jumamosi. Aliniita. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema pengine simu ilijigusa yenyewe mfukoni. Baba akaigeuza simu mkononi. Akasema simu inayoandika Kiswahili sanifu namna ile, na kuweka mkato mahali pake, lazima imepita kidato cha nne.

Akanipa kiatu changu. Fundi alikileta.

Sijalala vizuri mchana wa leo. Siku zimebaki tatu na sina mpango wa nne. Nikikosa tarehe kumi na tano, Mwalimu atamwandikia Marvin solo ya mwaka mzima, ndivyo desturi yao: anayefungua kanisa ndiye anayebaki na gitaa. Mwaka mzima wa mchele! Na Mzee wa Track Nne atabaki ndani ya memori kadi, kana kwamba hakuwahi kusema kitu.

Nimejiambia niende nikamwombe Mwalimu kama mtu wa kawaida. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Mbuzi wake akanitazama. Nikarudi.


Jumapili, 15 Februari

NIMEPIGA! NIMEPIGA! NIMEPIGA!

Tulia, Nasambu. Andika kwa mpangilio.

Asubuhi nilisimama safu ya tatu nimekata tamaa kabisa. Askofu alikata utepe. Watu walijaa mpaka nje. Ukafika wakati wa zawadi. Siku ya kufungua kanisa kila familia huitwa kwa jina, inaleta zawadi yake mbele ikicheza, na wimbo haukomi mpaka familia ya mwisho iweke yake chini. Haijalishi ni saa ngapi. Mama Hulda akaanzisha wimbo, kwa sauti aliyoichagua mwenyewe kama kawaida, Mwalimu Ondiek akaanza kumtafuta kwenye kinanda kama mtu anayetafuta swichi gizani, Marvin akaanza kumwaga mchele. Mifuko ya saruji ikaja. Kuku wakaja. Mlango mzima ukaja ukichezeshwa na wanaume wanne.

Ndipo wakaita familia ya Marvin.

Baba yake yuko kazini Kisumu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kondoo mkubwa mwenye hasira, na ni kijana wa kiume wa nyumba anayepaswa kumshika. Mama yake akamtazama. Marvin akamtazama kondoo. Akavua mkanda wa gitaa. Nikasema moyoni, sasa atampa Mwalimu gitaa, au atalilaza chini. Hapana! Alitembea moja kwa moja mpaka safu ya tatu, akampita yule mama mpana, akanivisha gitaa shingoni kama medali.

Akasema: “Shika, Track Nne. Kondoo ananingoja.”

Track Nne! Alijuaje? Hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Mtu alinisukuma mgongoni (Linah, baadaye amekiri) na nikajikuta mbele.

Kifungu cha Kwanza kiliingia vibaya. Vibaya sana! Kama mtu aliyefungua mlango wa jirani akidhani ni kwake. Mama Hulda hupandisha wimbo furaha ikipanda, na alikuwa amepanda. Nikafanya kama na sufuria: nikaimba kwanza, ndani ya mdomo. Nikasogea juu hatua mbili. Nikangoja. Nikaingia nimechelewa kidogo, kama Mzee.

Kikakaa!

Cha Pili kikauliza, Mama Hulda akageuka. Cha Tatu kikajibu. Cha Sita, paka akashuka mtini kinyumenyume na hakuanguka. Sikuwatazama watu. Niliutazama mgongo wa kondoo, aliyekuwa amekataa kutembea. Kisha nikaingia Cha Nane. Noti tatu. Tena. Tena. Mara ya nne miguu ya akina mama ikazishika, zikawa zinapigwa chini kwa visigino. Mara ya tano Mama Hulda akazichukua kwa sauti, bila maneno. Mara ya sita Mwalimu Ondiek akainua mikono yote miwili kutoka kwenye kinanda na kucheka. Ya saba. Nikatoka upande wa pili. Kanisa likalipuka! Kutoka nyuma nikasikia fundi wa mabati akipaza sauti, ndiyo hiyo, ndiyo hiyo, niliwaambia! Askofu alikuwa anapeperusha leso.

Halafu vifungu vikaisha. Vyote tisa. Na familia zilikuwa zimebaki kumi na moja, na kondoo bado katikati ya njia.

Nikachukua kichwa cha Cha Pili nikakipa mkia wa Cha Tano. Kikakubali. Nikachukua Cha Tisa nikakianza kutoka mwisho. Kikakubali! Kisha vidole vikapiga kitu ambacho sijawahi kukisikia popote, si kwa Mzee, si kwa redio, na kilikuwa kizuri, na kilikuwa changu. Mama Hulda akaniita kwa jina mbele ya watu wote: “Nasambu! Hapo hapo, mwanangu, usiondoke!”

Sikuondoka. Linah alipima: dakika ishirini na tatu. Mzee alipiga moja na nusu.


Jumatatu, 16 Februari

Wabuge amekuja akiwa amekunja uso. Ameleta nakala nyingine ya Track 4, nzima. Anasema kadi ya Baba ilikuwa na kasoro, ndiyo maana ilikuwa inakwama mahali pamoja. Akaicheza nisikie. Zile noti tatu Mzee alizipiga mara moja tu, akaendelea na safari yake.

Nimesikiliza mara kumi. Linah amekaa mlangoni bila kusema neno, kwa sauti kubwa sana.

Maoni yangu ni kwamba siku hiyo Mzee alikuwa na haraka.

Jioni Mwalimu Ondiek alifika nyumbani. Baba akamwekea chai. Mwalimu akasema nyumba za Huruma ni za mabati, Nasambu, na tangu Desemba mtaa mzima unakusikia ukipiga hiyo Track Nne, jina tulilopewa na Linah. Mtoto wa jirani anaipigia mluzi akienda shule. Marvin mwenyewe, mwezi wa kwanza, aliomba ahamie besi, kwa sababu anasema akikusikia anaona aibu. Wakawa wananingoja niseme. Na ile barua? Akasema mwandiko wangu aliusahihisha miaka minne shuleni, hata uulaze kushoto anaujua. Aliisoma mbele ya watu ili nikasirike nisimame.

Akasema: “Neno moja tu, binti yangu. Ungesema neno moja tu.”

Baba alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati. Mimi nilitazama vidole vya miguu. Nilitaka kusema asante. Ilishuka tumboni.

Solo ni yangu mwaka mzima! Nimepitia mipango yangu yote kwa makini. Dirisha: lilifanya kazi, walisikia. Barua: ilifanya kazi, ilisomwa. Kapsoya: bila hiyo nisingegusa ile spika. Mipango mitatu, mafanikio matatu. Sioni nilipokosea.


Ijumaa, 20 Februari

Habari kubwa. Kanisa la Kitale limesikia. Wametualika Jumapili ya tarehe nane Machi, na wameuliza kama yule msichana wa gitaa atakuja. Mwalimu Ondiek amebandika orodha mlangoni mwa kanisa. Anayetaka kwenda anajiandikisha kabla ya Jumapili.

Nataka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka chochote.

Nimepita mbele ya ule mlango mara sita leo. Daima kuna mtu. Mara ya nne alikuwa Mwalimu mwenyewe, akaniuliza, Nasambu, una jambo? Nikasema nimepita tu kuangalia mabati.

Linah amesoma orodha kwa niaba yangu. Anasema kwenye nafasi ya solo Mwalimu ameshaandika jina langu, na mbele yake ameweka kalamu yenye uzi, na maneno: “Weka alama tu. Huhitaji hata kuongea.” Anasema hata Marvin amesaini kama shahidi.

Inawezekana. Lakini kuweka alama mchana, watu wakiona, ni sawa na kuongea. Nimechunguza gari litakalotupeleka. Nyuma ya kiti cha mwisho, mahali pa ngoma kubwa, kuna nafasi ya mtu mmoja mwembamba na gitaa moja, ukikunja magoti. Nimepima kwa kamba. Nitaingia alfajiri kabla ya dereva. Nitajifunika turubai. Wakija kunigundua tutakuwa tumeshapita Moi's Bridge, karibu na Kitale, na hakuna dereva atakayegeuza gari hapo kwa sababu ya mtu mmoja wa ziada.